Mawe Aliyobeba Mama Yako

Nakivale, Jumapili baada ya ibada

Mapendo mwanangu,

Umetoka na wenzako wa kwaya kwenda kuaga, na ninavyokujua hutarudi kabla ya jua kuchwa, maana kila nyumba mtakayoingia watawakalisha na kuwapa chakula. Mama yako yuko nje anachambua maharage ya kukufungia safari. Kwa hiyo nimepata meza, nimepata kalamu, na nimepata kimya, vitu vitatu ambavyo havijawahi kukutana katika nyumba hii.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema na kusalimia majirani wenu wapya wa Ruharo, huko Mbarara. Hayo mama yako amekuambia wiki nzima mpaka hata mimi nimeyashika kwa kichwa. Mimi nakuandikia habari za nyumba. Nimejenga hapa kambini kwa wakimbizi wenzetu, nimejenga Kabingo na Kaberebere, na anayetaka kuona ukuta wangu ulioinama atatembea sana. Katika jambo hili nina haki ya kusema, na wewe utavumilia kusoma hadi mwisho, hata pale nitakapojisifu.

Kilichonishikisha kalamu ni neno la mumeo. Jumapili iliyopita Shukuru alikaa kwenye kiti hiki hiki, nikamuuliza atachimba msingi kiasi gani kwenye kile kiwanja mlichoandikiwa karatasi ya kukaa miaka kumi. Akacheka kwa adabu, unamjua. Akasema, "Papa, tusijichokeshe. Ile nyumba ni ya muda tu. Dosye yetu ya kuomba kuhamia Amerika iko inatembea. Tutasimamisha miti, tutapiga udongo, tutaweka mabati, basi."

Mama yako aliinuka akaenda jikoni, na ulisikia anavyotembea. Hapo nikajua kwamba nisiposema kabla hujaondoka, nitakuacha uingie kwenye nyumba ile ile niliyoijenga mimi tulipofika hapa, na nyumba hiyo ndiyo iliyomvunja mama yako mguu.

Najua umekua ukisikia kwamba ilikuwa mvua. Nimeisimulia mvua hiyo kanisani sijui mara ngapi. Kila mwaka siku ya shukrani nilisimama nikaeleza jinsi mvua kubwa, ambayo haijaonekana tena Nakivale, ilivyoangusha nyumba yetu, na jinsi Mungu alivyomwokoa mtoto wetu wa miaka mitatu. Watu wakasema amina. Kwamba Mungu alikuokoa ni kweli, hilo silifuti. Lakini mvua yenyewe ilikuwa ya kawaida. Tumepata kubwa kuliko hiyo karibu kila mwaka. Mama Salome, jirani yetu mjane, alikuwa anakaa benchi la mbele akinisikiliza, na nyumba yake, aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe hatua ishirini kutoka kwetu, siku ile haikudondosha hata donge. Hakunisahihisha hata mara moja. Mpaka leo nikikutana naye kisimani natafuta la kusema.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Tulikimbia Kongo, tukashuka kutoka milima ya juu ya Uvira mwaka wa tisini na sita, wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne mwenye mke mmoja, mtoto mmoja, na kiburi cha watu kumi. Tulipopewa kiwanja hapa, pamoja na shitingi, ile plastiki ya kuezekea, wenzangu walianza kuchimba. Mimi niliwacheka. Marehemu babu yako alikuwa na neno lake: "Fasi unachimba msingi, njo fasi utazikwa." Alilisema siku moja tu, akimkataza mdogo wake asihamie mjini, wala hakuwa nabii. Lakini mimi nililibeba nikavuka nalo mipaka. Nilijiambia kwamba nisipochimba sitazikwa hapa, nitarudi. Nikaweka valizi karibu na mlango, nguo zimekunjwa ndani, tayari. Nguo zako za mwaka mmoja zilikaa humo mpaka zikawa hazikutoshi tena.

Basi nikasimamisha miti, nikaizamisha kiasi cha kiganja, nikapiga udongo. Kwa siku tisa nyumba ilikuwa imekwisha, na nikazitaja siku hizo tisa kwa kila aliyepita njiani. Wengine waliniuliza kwa nini mlango unatazama barabara badala ya kutazama majirani. Niliwajibu kwamba mlango unatazama tunakokwenda. Nilikuwa na majibu mazuri sana wakati ule.

Mama yako hakujua kujenga, lakini alijua kutazama. Aliniambia mara tatu, na zote tatu nazikumbuka. Mara ya kwanza alisema, "Baba Mapendo, hii nyumba imekaa juu ya udongo sawa kuku. Tuichimbie." Nikamwambia tutarudi kwetu kabla mahindi hayajakomaa. Mara ya pili mahindi yalikuwa yamekwisha komaa na tumekwisha kuyala. Mara ya tatu nilimjibu vibaya, tena mbele ya watu. Baada ya hapo hakusema tena, alianza kubeba mawe.

Kila alipotoka shambani alipita kile kilima cha nyuma, akachukua mawe mawili, au moja kama ni kubwa, akaja akayapanga nyuma ya nyumba. Hakusema ni ya nini. Nami sikuuliza, kwa sababu nilijua. Nilimtania tu: "Mama Mapendo, unatuhamishia milima ya Uvira?" Akatabasamu, kesho yake akaleta mengine. Rundo likafika magotini. Kisha ukaja upepo wa kiangazi ukaanza kuinua ile shitingi, na mimi, fundi wa siku tisa, nikapata akili. Nilichukua mawe ya mama yako nikayapanga juu ya paa ili kuikandamiza plastiki. Paa langu lilikuwa limelala kwa sababu miti ilikuwa mifupi, kwa hiyo yalikaa vizuri. Mawe yaliyobebwa kwa ajili ya chini, mimi niliyaweka juu. Mama yako aliporudi alisimama akayatazama, akaingia ndani kupika.

Mapendo, barua hii ni kwa ajili ya hilo tendo moja. Mengine yote ni ya kuongezea.

Siku ya mvua nilikuwa nimesimama chini ya paa la Mama Salome. Nilikwenda kumtilia mpini kwenye jembe, mvua ikanikuta huko, alasiri. Nilikuwa naongea, tena nacheka, nikaona maji yamekusanyika kwenye pembe ya nyumba yangu, yanazunguka miguu ya ukuta. Udongo wa chini ukalainika ukawa uji. Pembe ikashuka polepole, nami nikapata nafasi ya kuelewa kila kitu, ila nafasi ya kufika ndiyo sikuipata. Paa likainama, mawe yakaanza kuteremka.

Mama yako alikulalia. Ukuta haukumvunja, ulikuwa udongo laini, niliufukua kwa mikono. Kilichovunja paja lake ni jiwe, na jiwe hilo alilibeba yeye. Wewe ulikuwa chini yake, mzima, una udongo mdomoni na hasira nyingi. Mama Salome alikuchukua akakuosha, nami na wanaume wengine tukamtia mama yako kwenye machela ya miti.

Walimpeleka Mbarara, wakamfunga mguu, akakaa huko siku nyingi. Mguu ulipona, ila ulipona mfupi. Watu waliponiuliza nini kimetokea, nilisema mvua. Siku ya kwanza neno hilo lilitoka kwa urahisi, siku ya pili kwa urahisi zaidi, na kila mtu alikuwa tayari kunisaidia kulisema. Mama yako mwenyewe hakunipinga. Miaka kumi na saba sasa namwona akichechemea kwenda kuwasha moto asubuhi, na naona aibu. Nimekosa mambo mengi maishani, na utayasoma baadhi yake hapa, lakini aibu yangu ni hiyo moja.

Aliporudi kutoka hospitali, amekaa nyuma ya baiskeli nami naisukuma, alikuta nimechimba. Sikuwa najua kuchimba, mfereji ulikwenda upande kama njia ya mlevi, lakini ulikuwa mfereji. Mawe yake yote nilikuwa nimeyapanga kando yake. Akauliza, "Hii ya nani?" Nikasema, "Yetu." Akashuka, akajivuta mpaka kwenye mawe, akayatazama moja moja, akaweka mkono juu ya lile bapa kubwa. Akasema, "Hili hapana. Hili niachie." Nikamwachia. Ndilo analokalia jikoni mpaka leo, lile ulilochapwa ukiwa mdogo kwa kuvunjia karanga juu yake. Nililitambua. Ndilo lililomwangukia. Sikumuuliza kwa nini analitaka, niliogopa jibu. Jioni ile ile alifungua valizi, akatoa nguo, akatia unga humo.

Kazi yenyewe nilifundishwa baadaye, na fundi Tumwine wa Kabingo, Munyankore, mwenyeji wa huku, aliyepitia jeshini, mwenye sauti ya jeshi na Kiswahili cha jeshi. Nilikwenda kwake kuomba kazi ya kubeba zege. Siku ya kwanza alinipa jembe, nikachimba mpaka kiunoni, nikatoka nikijifuta jasho, nikitegemea sifa. Akaingia yeye, akapiga jembe mara moja.

"Hapa bado," akasema. "Hii ardhi bado nakubali jembe. Wewe chimba mpaka nakataa."

Hilo ndilo somo la kwanza la msingi, na sijasikia bora kuliko hilo. Fundi wa Ruharo akikuambia futi mbili zinatosha kabla hajagusa udongo wa kiwanja chenu, mpe chai, mshukuru, umwache aende. Pembe moja ya kiwanja inaweza kukataa jembe kwenye goti na pembe ya pili ikaendelea kukubali mpaka kifuani. Chimbeni kila pembe kwa haki yake. Na kwenye mawe, Tumwine alikuwa akisema, "Jiwe lazima nalala. Wewe nasimama ukilala?" Jiwe bapa lisisimamishwe kwa ubavu ili kujaza nafasi haraka. Lilazwe kama lilivyokuwa limelala kilimani.

Msingi ukitoka chini, uacheni upande juu ya ardhi kiasi cha kutoka kiwiko hadi vidole kabla hamjaanza tofali. Mabati yavuke ukuta, msiyabanie, na chini yake mchimbe mfereji wa kupeleka maji mbali. Mvua ya juu haiangushi nyumba nyingi. Zinaangushwa na maji yaliyokaa kwenye miguu yake, hayo niliyaona kwa macho yangu.

Udongo wa Ruharo siujui, na fundi anayesema anaujua udongo ambao hajaushika mkononi ni mwongo. Chukueni tonge, mlirowanishe, mlivingirishe liwe refu kama kidole. Likikatika kabla halijawa kidole, lina mchanga mwingi. Likinata mikononi likakataa kutoka, tofali zake zitapasuka juani, ongezeni mchanga. Mkipata udongo wa kichuguu kwa ajili ya sakafu, msiulize mara mbili, bebeni.

Sasa kosa la pili, ambalo nacheka nikilikumbuka, ingawa wewe hukucheka. Kwetu milimani baridi inauma, na moto unakaa katikati ya nyumba, watu wanauzunguka, hakuna dirisha. Hapa Nakivale jua linapasua ardhi, na mimi juu ya msingi ule mpya nikajenga nyumba ya mlimani. Nilitaka mama yako aingie aone kama amerudi kwao. Na dirisha nililiogopa. Tulikotoka, dirisha lilikuwa tundu la mtu kukuchungulia na silaha yake. Kwa hiyo nilitoboa tundu moja la kupitisha mkono, juu karibu na paa, nikaona nimezidisha. Ukaanza kukohoa. Mwaka mzima unakohoa, nasi tunakupaka dawa kifuani na kukurudisha kwenye moshi.

Tumwine alikuja siku moja kunitembelea. Aliinama akaingia, akatoka mara moja, macho yanamtoka machozi.

"Wewe Mukongo, hii nyumba ama tanuru? Moshi natoka wapi?"

Nikamwambia, "Mlangoni."

"Na mutoto natoka wapi?"

Nilipasua madirisha mawili wiki ile ile. Nikuambie ukweli, siku za kwanza nililala nimeyapa mgongo, na kila jani likitikisika nainuka. Nilikuwa na hofu, mwanangu, baba mzima. Mama yako akakata kitenge chake akatengeneza pazia, na taratibu nikazoea. Kikohozi chako kiliondoka bila kuaga.

Mafiga tuliyatoa nje, na hapo mama yako ndipo alipolia. Mguu ulipovunjika sikumwona akilia, ila tulipohamisha moto. Alisema, "Sasa moto utabakia peke yake, na siye peke yetu?" Jibu lake nililijenga. Ndiyo maana jikoni kwetu ni kukubwa kuliko sebule, na kuna ukuta nusu, moshi unapita, watu sita wanakaa kuzunguka moto. Wageni wanatucheka. Waache wacheke, wewe umekulia humo na umejifunzia humo kila wimbo unaouimba. Kwenye nyumba yenu tafuteni mahali ambapo watu watakaa pamoja bila kuvuta moshi. Nyumba isiyo na mahali hapo, hata iwe na vigae, watu wake watakaa kwa majirani.

Na kuna jambo moja ambalo nalisema bila utani. Mbarara asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kuna ubaridi, na utaona wanawake wanaingiza sigiri ya mkaa chumbani, wanafunga mlango ili mtoto apate joto. Usifanye hivyo, hata siku moja. Moshi wa kuni unakufukuza, unatoka ukikohoa. Mkaa hauna moshi wa kukufukuza, unakulaza tu, na wengine hawaamki. Mkitaka joto, jengeni ukuta mnene, mtie dari chini ya mabati, na dirisha la chumba cha kulala mlielekeze jua linakotoka. Blanketi mama yako amekwisha kukufungia, mbili.

Tukija kwenye umeme, naona aibu kidogo kukufundisha, kwa sababu katika umeme mwalimu ulikuwa wewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita nilipoleta ile sola ndogo kutoka Mbarara na betri ya gari. Muuzaji aliniambia ninunue waya mnene. Mimi nilikuwa na waya wangu mwembamba niliouchomoa kwenye redio mbovu, nikasema umeme hauna macho, utajuaje? Nikaupitisha juu ya dari ya mikeka, nikaunga hapa na pale kwa kusokota na kufunga plastiki, nikawaita mchungaji na wazee waje waone taa. Unakumbuka tulisimama wote, mchungaji akaanza kuomba.

Ukasema, "Papa, ile waya inanuka."

Nikakuambia, "Nyamaza, bageni bako hapa."

Hukunyamaza, wala hukubishana. Ulipanda juu ya meza, ukachomoa waya kwenye betri kwa kutumia khanga, na mkeka ulikuwa umekwisha kuungua duara la kiasi cha sahani. Mchungaji alikuwa bado amefumba macho. Wageni walipoondoka nilikukemea kwamba umenitia haya, na sikukushukuru, wala sikukuomba msamaha. Nakuomba leo. Ulikuwa na haki, na ungeniacha nifurahie heshima yangu tungelala nje.

Kwa hiyo machache tu, maana huko mtavuta umeme wa serikali, na ule hauunguzi mkeka peke yake. Kabla ya plasta, chora kwenye daftari kila waya unapopita, ili miaka ijayo mtu asije akapigilia msumari wa kalenda juu yake. Maungio yasizikwe ukutani, yakae ndani ya kisanduku kinachofunguka. Swichi kubwa ya kuzima nyumba nzima iwe mahali ambapo wewe unafika bila kupanda kitu. Waya wa kwenda ardhini fundi atakuambia si lazima, atasema watu wengi hawana. Mwambie baba yako naye alikuwa akisema watu wengi hawana, na ameona mwisho wake. Na jirani akikupa umeme kwa waya wa kuning'inia juu ya uzio, kwa wema wake, mshukuru na ukatae.

Sasa nirudi kwa Shukuru.

Ni kijana mzuri, nampenda, na seremala wa kweli, ile milango yake inafungika bila kusukumwa na goti. Sikumkatalia mbele yako kwa sababu ni mkwe, na mkwe hakemewi juu ya sahani. Tena namwelewa kuliko anavyodhani. Mtu anayesubiri anaona kuchimba ni kukata tamaa. Anaona kila jembe analopiga linaisukuma dosye nyuma. Mimi nilihesabu hivyo hivyo. Lakini nitazame sasa. Nyumba nisiyoichimbia haikunirudisha Uvira hata hatua moja. Na wale majirani zetu waliochimba, wakajenga vizuri, walipoitwa kwenda Amerika walikwenda, msingi haukuwashika miguu, na watu wengine wanalala leo kwenye nyumba zao wakiwa wakavu. Dosye yenu ikifika nendeni, nitacheza mpaka mguu wangu nao uwe mfupi. Isipofika mwaka huu, wala ujao, mtakuwa mmelala ndani ya nyumba.

Ninalokuomba si ugomvi. Mama yako aliniambia mara tatu akaacha, akabeba mawe kimya kimya, nami nikayatumia mawe yake kwa upumbavu wangu. Simlaumu, mimi ndiye nilimfunga mdomo. Lakini wewe usiishie mara tatu. Sema mpaka usikike, kisha ukiona husikiki, panda juu ya meza uchomoe waya, kama ulivyofanya. Ukitaka, mpe Shukuru barua hii aisome yote. Nimeiandika nikijua ataisoma.

Nilidhani nimemaliza hapo. Lakini sikutaka kukuambia habari ya mama yako nyuma ya mgongo wake, kwa hiyo nilitoka nikamfuata jikoni, nikamsomea yote, tangu mwanzo, yeye akiendelea na maharage yake. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema:

"Umeandika mara tatu. Nilikuambia mara ine."

Nikamwambia nitasahihisha. Akasema, "Acha hivyo. Ya ine nilikuambia ukiwa umelala."

Kisha akainuka kutoka kwenye lile jiwe lake bapa, akalishika kwa mikono miwili, akalibiringisha mpaka kwenye mizigo yako. Nikakimbia kumsaidia, akanisukuma. Mapendo, miaka kumi na saba nimeamini kwamba analikalia jiwe lile ili mimi nilione kila jioni. Nimekula chakula changu nikilitazama. Leo ndipo nilipothubutu kuuliza, akanishangaa.

"Lile niliwekea mutoto," akasema. "Nilijua siku moja atajenga."

Limo chini ya gunia la maharage, limefungwa kwenye kitenge. Ni zito, na Shukuru akija kesho na pikap atauliza ni nini. Mwambie ni la pembe ya kwanza, na mahali pake ni chini.

Papa yako